Sabuni ya Bei Ndogo na Uso wa Mtu wa Mungu



Tumepokea ulizo kutoka kwa vijana wa Panda, nalo ni hili: je, inafaa mtu anayesimama mbele ya kusanyiko, mhubiri ao mwimbaji, anyoe uso wake na kipande cha sabuni ya kufulia nguo, ile ya bei ndogo kuliko zote sokoni? Wengine walilicheka ulizo hili. Sisi hatukulicheka, kwa sababu tunajua baba mmoja, hatutamtaja, aliyeacha zamu yake ya kuhubiri kwa majuma mengi. Kidevu chake kilikuwa na vipele, na mtu mmoja wa kanisa alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mtumishi asiyeweza kununua povu la mkebe asisimame pale mbele. Neno dogo namna hii limeziba kinywa cha mhubiri. Basi ni lazima tulijibu.

Tuanze na kazi yenyewe ya kunyoa, maana wengi wanahukumu kitu wasichokijua. Unywele mkavu wa ndevu ni mgumu. Ukilowanishwa na maji ya moto kiasi kwa dakika mbili ao tatu, unakunywa maji, unavimba, unakuwa laini, na wembe unapita bila kuvuta. Kazi kubwa ya kulainisha ndevu inafanywa na maji. Sabuni ni msaidizi wa maji: inaondoa mafuta na jasho ili maji yaingie, inayashika maji yasikauke upesi, na inaufanya wembe uteleze. Kazi hizi tatu sabuni ya bei ndogo inaziweza. Ile ya bei kubwa inaongeza harufu nzuri, rangi, karatasi yenye picha, na safari ya kuvuka bahari. Na povu la mkebe, sehemu yake kubwa ni maji, na gesi ya kulisukuma nje, na asidi ya mafuta ambayo mara nyingi inatoka katika mafuta ya ngazi ao ya ng'ombe. Kwa hiyo anayelidharau kipande cha sabuni ya mafuta ya ngazi na kulisifu povu la mkebe, pengine anasifu na kudharau mafuta ya mti mmoja.

Namna ya kufanya ni hii. Osha uso na maji ya moto. Kata vipande vyembamba vya sabuni katika kikombe, tia matone machache ya maji, piga na brashi ao na vidole mpaka povu liwe zito kama uji wa mtoto. Povu jepesi lenye matundu makubwa halifai, linakauka kabla wembe haujafika kwenye shavu la pili. Asiye na brashi apake sabuni moja kwa moja juu ya ndevu zilizolowana, kisha asugue na mkono wenye maji kwa dakika nzima. Haraka ndiyo inayoharibu nyuso nyingi. Ndugu mwenye sabuni ya bei kubwa na haraka ananyoa vibaya kuliko mzee mwenye kipande cha kufulia na uvumilivu.

Jambo jingine linahusu maji yetu. Hapa Likasi tunajua Kakontwe, mahali panapochimbwa mawe ya chokaa. Maji yanayopita katika mawe kama hayo yanakuwa magumu. Sabuni inashikana na chokaa, inatoa utando mweupe, na povu linakataa kupanda. Mtu anasema, sabuni hii ni mbaya, naye hajui kwamba ubaya uko katika ndoo. Wakati wa masika achote maji ya mvua, aone sabuni ile ile itakavyofanya.

Sasa vipele. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini sana, ncha yake kali inabaki ndani ya ngozi, ao inarudi na kuichoma ngozi upande, na mwili unapigana nayo kama na mwiba. Hivyo ndivyo vinavyotokea vile vipele vya kidevuni na vya shingoni. Havitokani na umaskini wa sabuni, wala na uchafu wa mwenye navyo. Na havitokani na uchawi: tumesikia hata watu waliokwenda kwa nabii kuuliza ni nani aliyewaroga kidevuni! Nabii ana kazi nyingine. Fuata upande ambao nywele zinalala, usivute ngozi, usirudie wembe mahali pamoja mara tatu nne, usitafute ulaini wa yai. Kama vipele vinazidi, acha ndevu ziote kidogo. Ndugu zetu Bapostolo wa Yohane Maranke, aliyeanza kazi yake mwaka 1932 katika Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, wananyoa kichwa na kuacha ndevu, na hakuna anayesema kwamba kwa ajili ya ndevu zao si wasafi.

Hatusemi kwamba kila sabuni ya bei ndogo ni njema. Kuna sabuni zinazouzwa kwa kuahidi kuing'arisha ngozi, na baadhi yake zimetiwa zebaki. Zebaki inapita katika ngozi na kuharibu figo. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yamekataza vipodozi vya namna hiyo, lakini katazo la karatasi halifiki kila meza ya soko. Sabuni hizo usizipake usoni, na zaidi usizipake juu ya ngozi iliyokwanguliwa na wembe. Tena kuna sabuni ya nyumbani iliyouzwa kabla ya wakati wake. Mama zetu wanaopika sabuni kwa mafuta ya ngazi na soda kali wanajua kwamba inapaswa kupumzika majuma kama manne. Ikiwa soda imezidi, ngozi itaungua. Gusa kwa ncha ya ulimi: ikikuuma kwa nguvu, bado. Mama anayengoja majuma manne hali watoto wanataka bukari leo, anafanya kazi ya haki, nasi tununue kwake.

Tumesema juu ya mikono na maji. Lakini ulizo la vijana lilikuwa juu ya heshima. Je, kitu cha bei ndogo ni kitu kidogo mbele za Mungu?

Wenye kushikilia upande wa mkebe wana hoja moja ambayo hatuwezi kuiruka. Wanasema: nabii Malaki aliwakemea makuhani walioleta madhabahuni wanyama vilema na vipofu. Mungu hakukubali mabaki. Basi uso ulionyolewa kwa sabuni ya kufulia si mwana-kondoo kilema? Hoja hii ina nguvu, na tumeifikiri sana. Lakini tazameni kosa la watu wale lilikuwa wapi. Walikuwa na mnyama mzima zizini, wakamficha, wakaleta yule ambaye wao wenyewe hawakumtaka. Kosa lilikuwa katika kile walichozuia. Mjane wa Yerusalemu aliyetia sarafu mbili ndogo katika hazina alitoa kidogo kuliko wote, na Bwana akamhesabia zaidi ya wote, kwa sababu hakuzuia kitu. Kwa kipimo hicho, baba anayenunua mkebe wa povu hali mtoto wake amerudishwa kutoka shule kwa ajili ya feza, yeye ndiye aliyeleta kilema: kizuri amekiweka usoni pake, na kilema amemwachia mtoto.

Na tuseme pia upande wa pili. Kuna ndugu mwenye uwezo anayejivuna kwa sabuni yake ya bei ndogo, anaionyesha kama medali, anawaangalia wenye harufu nzuri kana kwamba wamekwisha kupotea. Huyo naye anampima mtu kwa sabuni, amegeuza mizani tu. Anayeweza kununua sabuni ya harufu bila kumnyima mtu, anunue, anyoe, ashukuru.

Habari ya Naamani inatusaidia kuliko zote. Jemadari yule wa Shamu alikuja na feza, dhahabu na mavazi, tayari kulipa bei kubwa. Elisha hakutoka hata nje; alimtuma mtu kumwambia aoge katika Yordani mara saba. Naamani akakasirika. Mito ya kwao ilikuwa mizuri zaidi! Aliudhika kwa sababu dawa ilikuwa rahisi na ya bure, na watumishi wake ndio waliomwonyesha kwamba kama angeambiwa jambo zito angelifanya bila kusita. Ugonjwa wa Naamani wa ngozi uliisha mtoni. Ule mwingine, wa kudhani kwamba kisicho na bei hakina nguvu, uko mpaka leo, na uko Panda pia.

Tunajua ulikotokea kwetu. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, akapewa nafasi kubwa sana za michikichi, na kiwanda chake cha Leverville kikaitwa kwa jina lake. Leo ni Lusanga. Baba zetu wa Kwilu walilazimishwa kupanda michikichi na kukata ngazi ili ulimwengu uoge, na mwaka 1931 Bapende waliasi wakapigwa risasi kwa mamia. Kisha mtu mweusi akaambiwa kwamba atahesabiwa mtu akiwa msafi. Toka mwaka 1948 kulikuwa na kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ukaja uandikisho wa walioitwa wastaarabu. Wakaguzi waliingia nyumbani kutazama jiko, vitanda na vyombo, kabla ya kusema kama baba wa nyumba amestahili. Mji wetu wakati ule uliitwa Jadotville. Mkaguzi amekwenda zake, lakini anayenong'ona juu ya kidevu cha mhubiri anaendelea na kazi yake bila mshahara. Simon Kimbangu alifungwa mwaka 1921 na kufa mwaka 1951 akiwa mfungwa Elisabethville, miaka 30. Hakuna anayeuliza leo alinyolewa na sabuni gani.

Tena tukumbuke tuko wapi. Panda ilijengwa juu ya shaba, na nyumba nyingi hapa zilikula kwa mshahara wa Gécamines. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ile waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, na wengi wao walikwisha kukaa miezi mingi bila kulipwa. Wazee waliozoea kunyoa kila asubuhi kabla ya king'ora wameendelea kunyoa kila asubuhi bila king'ora, kwa kipande cha sabuni na kioo kilichopasuka. Sisi tunaona katika jambo hilo heshima kubwa. Mtu ambaye hakuna anayemngoja kazini, naye ananyoa uso wake, anawaambia watoto wake kwamba yeye bado ni baba wa nyumba.

Feza ambayo mtu ameiokoa kwenye sabuni iende wapi? Hapa tunasema bila kuzunguka: iende kwenye wembe. Sabuni ya bei ndogo haiui mtu. Wembe uliopita kichwani mwa mwingine unaweza kuua. Virusi vya homa ya ini ya namna ya B vinaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu siku saba na zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha. Ukimwi nao tunaujua, hatuna haja ya kuueleza. Mnajua desturi yetu ya kilio: siku ya kumaliza, jamaa wanaketi mstari mmoja, na mzee anawanyoa kwa wembe mmoja, mjane, watoto, ndugu, mpaka wa mwisho. Povu ni jingi, maji ni masafi, wote wanasema imefanyika vizuri, na wembe ni ule ule. Tumeona watu wakibishana kwa sauti kuu juu ya sabuni ya mhubiri ambao siku ya kilio waliinamisha vichwa bila kuuliza neno.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 21, wazee wa Yerusalemu walimwambia Paulo awachukue watu wanne wenye nadhiri, naye alipe gharama zao ili wanyoe vichwa vyao. Mtume aliyekuwa na makanisa mengi ya kuangalia alitoa feza kwa ajili ya kunyoa vichwa vya wengine, na Luka hakuona aibu kuandika. Kwa mfano huo tumeomba wababa wa kila sehemu ya Panda waweke pamoja feza kidogo, na siku ya kumaliza kilio walete nyembe mpya, zikiwa bado katika karatasi zake, moja kwa kila kichwa, na iliyotumika itiwe katika mkebe uliofungwa, isitupwe uani ambako watoto wanacheza. Kwa sabuni, kipande kimoja cha mama wa jirani kitatosha familia nzima. Na yule baba tuliyemsema hapo juu, zamu yake iko wazi siku ya Mungu inayokuja. Wazee wamekwisha kwenda kwake.