WAZO LA LEO: Bunduki Ije Mwisho

Mgeni anayekuja Tanzania kuwinda nyati kwa mara ya kwanza hufika na bunduki ya bei mbaya, akidhani kazi kubwa ni kulenga shabaha. Asubuhi ya kwanza porini humtoa ushamba. Anayetangulia mbele ni msoma nyayo, mara nyingi mzaliwa wa kijiji jirani, mkononi ana kifuko cha kitambaa chenye majivu. Kila baada ya muda hukitikisa na kutazama vumbi linaelekea wapi. Likirudi walikotoka, sawa. Likitangulia kwa nyati, safari imeharibika, maana nyati hunusa mtu kabla hajamwona. Kisha msoma nyayo huinama, akagusa kinyesi kwa mgongo wa mkono: kama bado kina joto, kundi haliko mbali.

Mwenye bunduki hapo ni mwanafunzi. Hutembea saa kadhaa juani, hakohoi, hasemi. Na akifyatua ovyo akajeruhi, mnyama huyo hulipiwa hata asipopatikana, na kumfuata nyati mwenye jeraha vichakani ni kucheza na roho yako.

Wangapi tunaingia kazi mpya, ndoa mpya au mji mpya tukiwa tumeshakoki bunduki? Leo, ukiwa mgeni mahali, mtafute anayejua upepo wa hapo. Mfuate nyuma, nyamaza, tazama anachotazama. Risasi haina haraka; ikishatoka, hairudi.