Usiruke

Binamu yangu alinipa saa yake ya mkononi na karatasi iliyokunjwa mara mbili, halafu akaanza kuvaa. Tulikuwa ndani ya boti upande wa Mbita, Ziwa Victoria, kando ya vizimba vya samaki ambako yeye hufanya kazi. Kazi yake ni kupiga mbizi chini ya vizimba, kukagua nyavu, kushona palipotoboka na kutoa samaki waliokufa. Mimi nilikuwa nimemtembelea tu, nikiwa na wazo la kuandika makala kuhusu ufugaji wa tilapia. Hiyo makala ya tilapia sijaiandika hadi leo.

Karatasi ilikuwa na mistari mitano. Kuingia majini: saa nne na dakika kumi. Kina: mita 10. Kutoka: saa nne na dakika hamsini. Ikifika saa nne na hamsini na tano hatujaonekana, mwambie huyu aingie, kisha piga simu namba hii. "Huyu" alikuwa mpiga mbizi wa tatu, ameketi mwisho wa boti na mtungi wake wa hewa tayari mgongoni, anatafuna mabuyu. Mstari wa tano ulikuwa umepigiwa kistari chini mara mbili: Wewe usiruke. Hata iweje.

Nikamwambia, "Bro, mbona unaandika kama mtu anayeaga?"

Akacheka. "Anayeaga haandiki saa ya kurudi."

Nimekaa na hilo jibu muda mrefu, kwa sababu kule kwetu Longisa hatukulelewa hivyo. Kwetu jambo baya halitajwi. Ukimwambia kogo kwamba huenda mvua ikakosa, atakuuliza kwa nini unaiambia ikose. Ukisema "nikifa", utaambiwa unyamaze. Waswahili wa pwani nao wana neno lao, uchuro: mdomo unaoita balaa. Na usidhani ni mambo ya wazee peke yao. Waulize vijana wenzako wa Nairobi wangapi wameandika mahali fulani namba ya mtu wa kupigiwa wakipata ajali. Wengi tunatembea mjini kama watu walioahidiwa jambo fulani.

Kwa hiyo swali langu ni hili: kupanga kwa ajili ya balaa ni kukosa imani, ni woga, au ni wajibu? Na kama ni wajibu, unawadai nani, na unadaiwa na nani?

Kabla sijajibu, lazima niseme kuhusu bwawa.

Watu wakisikia Bomet na Kericho wanawaza majani chai, vilima vya kijani kama vimenyolewa. Hiyo ni kule juu. Longisa iko upande wa barabara ya kuelekea Narok, na kwetu ni mahindi, ng'ombe, na mabwawa yaliyochimbwa ili mifugo inywe. Nilipokuwa darasa la tatu, mvulana mmoja alipeleka ng'ombe bwawani, akaingia kuogelea, akaanza kupiga kelele. Mjomba wangu alikuwa anapita na baiskeli. Akaiangusha, akaruka na viatu vyake. Mjomba hakujua kuogelea.

Mvulana alitokea upande wa pili, amekamata mizizi ya mti, yuko mzima. Mjomba alitolewa jioni.

Huyo mjomba ndiye baba wa binamu yangu mpiga mbizi. Watoto wake wanne wakahamia kwetu, na karo ya watu sita ikawa inatoka mahali ilipokuwa ikitoka karo ya wawili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sisemi ni kwa sababu ya bwawa. Hesabu za familia zina mistari mingi, na mingine ni makosa yangu mwenyewe. Lakini nikijumlisha kwa uaminifu, mstari wa bwawa upo.

Basi ndiyo maana kogo alikataa kabisa binamu asisomee kazi ya majini. Na ndiyo maana, nadhani, binamu aliisomea.

Alinieleza mambo ambayo sikujua yana uzito wa maisha. Ukishuka mita 10, presha inayokubana ni takriban mara mbili ya ile ya juu. Nitrojeni iliyo kwenye hewa unayovuta inayeyuka ndani ya mwili wako, na ukipanda haraka inatoka kwa mapovu, kama soda uliyoitikisa ukaifungua. Mapovu hayo yanaweza kukuvuruga viungo, kukupooza, hata kukuua. Mwaka 1908 mwanasayansi John Scott Haldane, baada ya majaribio aliyoyafanya kwa mbuzi, alichapisha majedwali ya kuonyesha mtu apande vipi na asimame wapi njiani. Kompyuta anazovaa wapiga mbizi leo mkononi zinaendeleza hesabu ya aina hiyo.

Sasa, binamu alijifunzia pwani. Na Ziwa Victoria si bahari. Liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Diani. Ukitoka majini unatokea kwenye presha ndogo zaidi, kwa hiyo mapovu yanapata nafasi zaidi. Kuanzia kama mita 300 juu ya bahari, majedwali ya kawaida yanahitaji kurekebishwa. Maji baridi nayo ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo vyuma vya kukuzamisha navyo unavipunguza. Mtu anayebeba mazoea ya bahari kuyaleta ziwani anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akaumia.

Kuna jambo jingine, na hili lilinishangaza zaidi. Akipiga mbizi leo, hapandi matatu kuja nyumbani leo. Nchi ya chai inafika mita 2,000 na zaidi, na kupanda mlima baada ya kuzama ni kama kupanda ndege: mwili unafikishwa kwenye presha ndogo kabla haujamaliza kutoa nitrojeni. Kwa hiyo hulala Mbita, akaja kesho yake. Kogo alikuwa akilalamika kwamba kijana huyu akiitwa haji haraka. Kumbe alikuwa anahesabu saa.

Wengine watasema: sawa, lakini hayo ni maisha yake. Akitaka kuzama bila mpango, azame. Mwili ni wake, hatari ni yake. Hoja hii inapendwa sana na watu wa rika letu, na mimi mwenyewe niliwahi kuitumia kwa mambo mengine. Ina nguvu mpaka pale unapouliza nani atakayekutafuta.

Tarehe 23 Juni 2018, vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia pango la Tham Luang, Thailand. Mvua ikaja, maji yakawafungia ndani. Wote 13 walitolewa hai kufikia tarehe 10 Julai, na dunia ikashangilia. Lakini tarehe 6 Julai Saman Kunan, aliyekuwa zamani mpiga mbizi wa jeshi la majini na aliyerudi kujitolea, alikufa akitoka kupeleka mitungi ya hewa ndani ya pango. Siwalaumu wale watoto, walikuwa watoto. Ninachosema ni kwamba hatari haikubaki na wale walioingia nayo pangoni.

Na hiyo ndiyo hoja yangu. Binadamu wengi hawawezi kusimama wakitazama mtu akizama. Hilo ni jambo zuri kuliko mengi tuliyo nayo. Lakini maana yake ni kwamba ukiingia kwenye hatari bila mpango, unakopa ujasiri wa watu ambao hujawaomba. Unaweka maisha ya mpita njia mwenye baiskeli kuwa mpango wako wa uokoaji, naye hajui. Karatasi ya binamu ilikuwa inafanya kinyume chake. Ilikuwa inamtaja mwenye zana, inamtaja asiye nazo, na inamkataza asiye nazo kulipa deni lisilo lake.

Hapa kuna pingamizi zito zaidi, na sitaki kulikwepa. Mpango ni anasa. Mtungi wa tatu una bei yake. Mvuvi anayetoka usiku bila jaketi la kuokolea hakosi busara, anakosa pesa. Ni rahisi kumhubiria mtu tahadhari ukiwa nchi kavu.

Kweli kabisa. Ila angalia tunavyofanya kuhusu hilo. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Kulikuwa na watu 43 ndani, 19 walikufa. Kati ya wa kwanza kufika alikuwa kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyetumia kasia kusaidia kufungua mlango wa nyuma. Alistahili sifa zote alizopewa, pamoja na zawadi ya shilingi milioni moja za Tanzania na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lakini uwanja ule uko ukingoni mwa ziwa. Ndege ikikosa njia pale, inajulikana itaangukia wapi. Tulishangilia kasia, na tulipaswa kuuliza pia kwa nini kasia ndilo lililofika kwanza.

Ujasiri bila maandalizi huponyoka hata mikononi mwa watu wenye nia njema. Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na sehemu ya meli ikabaki juu ya maji huku watu wakigonga kutoka ndani. Waokoaji walitoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiibeba meli ikatoka kwenye tundu hilo, na meli ikazama. Mamia walikufa katika ajali ile. Waliotoboa hawakuwa wabaya. Walikuwa na haraka ya huruma, na huruma haikuwaambia kuhusu hewa.

Kwa hiyo ndiyo, umaskini unapunguza mpango. Lakini mpango haumaanishi mtungi wa tatu peke yake. Wanaofundisha uokoaji wana mpangilio ambao hauhitaji pesa nyingi: kwanza mnyooshee mtu fimbo, usipomfikia mrushie kitu kinachoelea, usipoweza mfuate kwa chombo. Kuingia majini mwenyewe ni jambo la mwisho, na ni la aliyefunzwa. Jerikeni tupu yenye kifuniko inaelea. Kila nyumba Longisa ina jerikeni.

Hapa ndipo ninapofika kwa mjomba, na ndipo ninapopata shida. Je, alikosea? Nikifuata hoja yangu mpaka mwisho, inaonekana nasema alikosea. Aliacha watoto wanne kwa ajili ya mtoto aliyejiokoa mwenyewe.

Sisemi hivyo. Sekunde ile kwenye ukingo si mahali pa maadili. Mtu anakuwa tu yule ambaye tayari ameshakuwa, na mjomba alikuwa mtu wa kuruka. Maadili yako nyuma ya sekunde ile. Yako katika miaka yote ambayo watu wazima wa kijiji kizima tulijua watoto wanaogelea pale, na hakuna aliyeacha hata kamba. Tulidhani tukinyamaza hatutaita balaa. Balaa halikuhitaji kuitwa.

Na imani je? Kogo huomba kila usiku, na sioni kama dua yake na karatasi ya binamu ni maadui. Anayeomba mvua hulima kwanza.

Nirudi kwenye boti. Saa nne na hamsini ilifika, maji yako kimya. Hamsini na moja. Mpiga mbizi wa tatu aliweka mabuyu chini, akavaa miwani yake, akakagua hewa. Hakuna alichosema. Hamsini na mbili. Nilisoma tena mstari wa tano. Hamsini na tatu. Nikagundua kwamba nimeshavua viatu, na sikumbuki nilivivua saa ngapi.

Mimi pia sijui kuogelea.

Hamsini na nne, vichwa viwili vikatokea. Wavu ulikuwa umetoboka pakubwa kuliko walivyotarajia, na walisimama kidogo njiani wakipanda, inavyotakiwa. Binamu alipoingia botini aliitazama miguu yangu, kisha akanitazama mimi. Hakuniuliza. Alijua mstari ule alimwandikia nani, na amerithi wapi haja ya kuuandika.

Desemba iliyopita tulikwenda wote wawili bwawani na mti, kamba ya mita 20 na jerikeni ya manjano. Tukausimamisha mti ukingoni, tukafunga. Kogo alisimama mbali, hakupenda. Kamba iliibwa wiki ya pili. Tukaikuta kwa jirani, imefunga ndama. Tukamwachia ile, tukanunua nyingine.

Juzi mama amenitumia picha. Iko bado.