Mpira mmoja, neema moja

Vita vilivyoanza 1993 viliigawa mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, Gihosha ikiwemo. Jirani akamkimbia jirani kwa ajili ya kabila. Humo humo, Kituo cha Vijana Kamenge cha wamisionari Wakatoliki kikawachezesha Wahutu na Watutsi mpira mmoja. Mwaka 2002 kikapewa Tuzo ya Right Livelihood.

Je, wamisionari hao walikuwa wakinunua mbingu kwa matendo mema? Hasha!

Katika Waefeso 2 Paulo anatanguliza neema, imani inaipokea, matendo mema yanafuata. Yakobo naye (mkali kidogo) anaiita imani isiyo na matendo maiti. Wakatoliki na Walutheri, baada ya ugomvi wa karne nne na ushei, walitia sahihi tamko la pamoja Augsburg, Oktoba 31, 1999: wokovu ni zawadi, matendo ni matunda yake.

Msomaji wa Gihosha, leo mpigie hodi jirani uliyemnunia.