MBEGU ZA AVOKA NA BARUA YA YEREMIA

Somo: Yeremia 28 na 29:1–14

 

Katika sura ya 28 manabii wawili wamesimama mbele ya watu. Hanania anatangaza kwamba nira ya mfalme wa Babeli imevunjwa, na ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na wafungwa wote watarudi. Nani asingependa mahubiri hayo? Hata Yeremia mwenyewe aliitikia Amina, maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini Bwana hakuwa amemtuma Hanania. Ndipo katika sura ya 29 Yeremia anaandika barua, nao Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia wanaipeleka Babeli. Inawaambia wahamishwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani na kula matunda yake. Kungoja kutakuwa miaka 70. Barua hiyo iliwakasirisha watu. Shemaya aliandika Yerusalemu kuuliza kwa nini Yeremia hajakemewa.

Sisi wachungaji tukisoma hapo tunajiweka upande wa Yeremia. Chuo cha Biblia kilitufundisha kuchambua sura hizi mstari kwa mstari, lakini hakikutuzuia kufanya kosa la Hanania. Mnakumbuka Desemba 2013. Mwezi uliotangulia waasi wa M23 walikuwa wameshindwa, na watu wa Rutshuru hapa Nakivale walicheza usiku kucha. Jumapili ile tulisimama madhabahuni tukasema Krismasi ijayo tutaila nyumbani. Tuliongeza neno ambalo hakuna aliyetutuma kulisema: msipande kitu kisichovunwa kwa msimu mmoja. Panda maharage, panda mahindi, mti usiupande. Watu wakasema Amina.

Mama mmoja mjane, mshirika wetu, wakati huo alikuwa na mche wa avoka katika kopo la mafuta ya kupikia. Tulimcheka. Tukamwuliza, “Mama, hiyo utaila lini?” Akajibu, “Mchungaji, zile nilizokula kwetu sikumjua aliyezipanda.” Akaendelea kumwagilia.

Krismasi ya 2014 ilitukuta hapa. Mwezi wa Juni 2022 M23 waliiteka Bunagana, na ndugu zetu wengine wakavuka mpaka na magodoro kichwani. Mti wa yule mama ulikuwa umeshaanza kuzaa. Siku hizi watoto wetu wenyewe, watoto wa mchungaji, wanatumwa kwake na ndoo kuomba avoka. Anawapa, na hajatukumbusha hata siku moja. Afadhali angetukumbusha.

Tangu 2023, familia zilipogawanywa katika makundi ya msaada, zipo nyumba zinazokula mara moja kwa siku. Hatusemi mti mmoja ungeziba pengo hilo. Lakini tunajua ni familia ngapi zilitusikiliza mwaka ule, na leo uani kwao hakuna kitu. Kwa hiyo tunaomba msamaha, na pamoja na msamaha tunaleta yale tuliyojifunza kwa yule mama na kwa majirani.

Papai ndilo la haraka. Chukua mbegu za tunda lililoiva, uzisugue kwa majivu au mchanga mpaka ule ute utoke, maana ukibaki mbegu huchelewa kuota. Anika kivulini. Panda tatu pamoja, kwa sababu miti mingine ni dume na haizai. Subiri maua, kisha ung'oe usiouhitaji. Usipande mahali maji yanapotuama. Likitunzwa, papai huzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, na marakuja vilevile, mradi umpe mti au ua wa kupandia. Mbegu za fenesi hazikai. Zipande siku zilezile unapokula tunda, zikikauka zimekufa.

Avoka inataka subira. Weka upande mpana chini na ncha juu, uache kichwa kidogo nje ya udongo, na udongo usikauke. Huenda ikachukua mwezi au miwili kuota. Kisha ni miaka mitano, saba, pengine kumi. Tena mti wa mbegu hauzai lazima tunda kama la mama yake. Mwenye ujuzi wa kupachika kikonyo cha mti mzuri atapunguza miaka hiyo. Somo la Walawi 19:23–25 linawapa Waisraeli hesabu inayokaribia hiyo: matunda ya miaka mitatu hayaliwi, ya mwaka wa nne ni ya Bwana, ya tano ni yao. Mungu alijua kwamba mpanda miti huhesabu kwa miaka.

Wengine watatuuliza, “Ardhi si yetu, tumepewa kuitumia tu. Kesho tukipata safari ya Marekani, mti atabaki nao nani?” Ni swali la haki. Tena wapo wanaoona kwamba kupanda avoka ni kutia sahihi ya kufia hapa. Machozi hayo tunayajua, nasi tunayo. Ila barua ile iliyosema pandeni bustani ndiyo hiyohiyo, mistari michache mbele, inayoahidi kuwarudisha. Waliopanda hawakufutwa katika orodha ya kurudi. Na miti yenyewe haikuzaliwa hapa wala kwetu Kivu: avoka na papai asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, marakuja Amerika ya Kusini, fenesi India. Kuna mtu aliyeileta, na mara nyingi aliyekula alikuwa mwingine.

Sisi nyumbani tumeweka mbegu nne katika makopo nyuma ya jiko. Moja imeliwa na panya, mbili zimeota, ya nne bado tunaitazama kila asubuhi.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, yule mama atakuwa chini ya mti mbele ya kanisa na mbegu alizotunza. Kila familia ije na kopo lililotobolewa chini, lenye udongo mweusi. Wazee wasioweza kubeba udongo waandikishe majina kwa shemasi, vijana wa kwaya watawapelekea nyumbani kabla mvua hazijaanza.