Ukumbusho wa Kijiji ni Mali ya Nani?

Watu wengi, wasikiapo habari za kijiji chenye historia, huwaza mara moja vijiji vya Uingereza: kanisa la mawe, daraja la kale, nyumba zilizokaliwa na vizazi kumi. Kisha huitazama Bariadi, Maswa au Meatu na kusema: kwetu hakuna kitu. Sisi twasema wamekosea, na kosa hilo lina hasara yake.

Msukuma wa zamani hakujenga kwa mawe. Alama yake aliiweka juu ya nchi yenyewe. Alitenga sehemu ya malisho, akaifunga mvua zianzapo, ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Ilikuwa akiba ya majani, kuni na dawa. Tena ilikuwa kitabu alichokisoma kila mtoto mchungaji.

Mwaka 1974 watu wa mkoa wa Shinyanga, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa pamoja na nchi hii ya Simiyu, walihamishiwa katika vijiji vipya. Wengi waliacha nyuma mahame, makaburi na ngitili zao, na nchi ikazidi kuwa tupu. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, nao katika kutafuta dawa uliirudia desturi ya wazee. Hekta zaidi ya 300,000 zikapata tena miti na majani. Kumbe kile kilichodharauliwa kuwa ni ushamba kilikuwa elimu.

Hata hivyo yatupasa kusema kweli yote. Mtu mwenye shamba dogo la pamba, bei imeanguka, mtoto hana sare ya shule, akiukata mkwaju wa babu yake apate magunia ya mkaa, je, tumhukumu? Hatuthubutu. Njaa haingoji historia. Lakini twauliza: majirani walikuwa wapi? Wote walipumzika chini ya mti ule, wote walipaita mahali pale kwa jina lake. Mzigo wa kuutunza wakamwachia maskini mmoja.

Kwa maoni yetu, walio hai wana haki ya kutumia, wala hawana haki ya kumaliza. Kitu kisichoweza kurudishwa katika umri wa mtu mmoja ni amana ya waliotangulia na ya watakaozaliwa. Na amana ya wengi hailindwi kwa mkono mmoja. Kijiji kitakacho mti wake usimame, na kimsaidie mwenye mti.

Nanyi wazazi, wapelekeni watoto kwenye mahame ya babu zao. Watajieni majina ya vilima na visima, na habari za waliovichimba. Asiyejua jina la mahali, akiuona mti huona kuni tu.