Siku ya Tatu ya Mgeni

Neno fungate, kabla halijawa jina la mapumziko ya maarusi, lilikuwa jina la hesabu: katika Kiswahili cha kale maana yake ni saba. Desturi ya pwani ilikuwa kwamba baada ya arusi bwana na bibi hukaa ndani siku saba, wakiletewa chakula na kuangaliwa na somo, mpaka haya ya ugeni iwatoke na kila mmoja amzoee mwenziwe. Fungate hiyo ilikuwa ya kukaa. Fungate ya siku hizi aghalabu ni ya kwenda, na mfano wake ulio wazi ni wa maarusi wanaopanga kuzunguka visiwa vya Bahari ya Karibi, leo hapa, kesho kule. Mipango ya namna hii huhesabiwa kuwa ni habari ya nauli na mizigo tu. Walakini ndani yake mna swali la maadili: je, mgeni aliyelipa fedha amekwisha lipa yote anayodaiwa?

Na tuseme maarusi wana siku kumi, na wamechagua visiwa vitano: Antigua, Guadeloupe, Dominica, Martinique na Saint Lucia. Katika ramani visiwa hivyo vimefuatana kutoka kaskazini kwenda kusini kama shanga katika uzi mmoja, na kidole huvipita vyote kwa pumzi moja. Bahari haipitiki hivyo. Guadeloupe na Martinique ni mikoa ya Ufaransa tangu 1946, na fedha zake ni euro. Dominica, iliyo katikati yao, ni dola huru tangu 1978. Saint Lucia ilijitawala 1979, na Antigua pamoja na Barbuda 1981. Hizi tatu hutumia dola ya Karibi Mashariki, ambayo tangu 1976 thamani yake imefungwa kuwa 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Basi kila hatua ni kutoka katika nchi moja na kuingia katika nyingine, kwa pasi na ukaguzi. Meli za abiria haziendi kila siku kwa kila kisiwa, na milango ya bahari iliyopo baina yao hupokea mawimbi ya Atlantiki. Ikiwa kila uhamisho katika minne unakula nusu ya siku, siku mbili kati ya kumi zimekwisha katika kufunga masanduku na kungoja. Kila kisiwa kinabakiwa na siku moja na zaidi kidogo.

Hapo ndipo methali inapofaa kukumbukwa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huichukua kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini jembe hilo ni heshima vilevile. Anayepewa jembe amekwisha hesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Anajua shamba liko wapi, nani anaumwa, na kwa nini kisima kimekauka. Msafiri wa visiwa vitano kwa siku kumi amejipangia, pasipo kukusudia, kuondoka daima kabla ya siku ya tatu. Ni mgeni wa milele. Kitanda chake hutandikwa na mikono asiyojua majina ya wenyewe, na kinywaji chake huletwa na mtu ambaye hatamwona tena.

Lazima ikumbukwe pia kwamba katika visiwa hivi jembe lina kumbukumbu chungu. Waafrika waliopelekwa huko hawakupewa siku mbili za ugeni. Jembe lilikuwa mkononi mwao tangu mwanzo, nalo walichimba mashimo ya kupandia miwa chini ya mjeledi. Sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa ilipitishwa 1833. Antigua iliwaacha huru watumwa wake tarehe 1 Agosti 1834, lakini katika makoloni mengine mengi ya Waingereza, kwa jina la uanagenzi, watu waliendelea kufungwa kwa mabwana wao hadi 1838. Watumwa wa Martinique na Guadeloupe walingoja mpaka 1848. Uingereza ilitoa paundi milioni 20 za fidia, na fedha hizo walipewa waliokuwa na watumwa. Waliotumikishwa hawakupata kitu. Fukwe za furaha na mashamba ya huzuni ni ardhi moja.

Mwandishi Jamaica Kincaid, aliyezaliwa Antigua, alimsema mtalii kwa ukali katika kitabu chake A Small Place cha 1988. Alimkumbusha kwamba kila mwenyeji angependa naye kuondoka akatembee, lakini wengi wa wenyeji wa dunia hii hawana uwezo. Hivyo raha ya mmoja huonwa na mwingine kwa uchungu. Je, maana yake ni kwamba maarusi wasiende? Hapana. Ndizi, zilizowalisha wakulima wa Dominica na Saint Lucia, zilipungukiwa na upendeleo katika soko la Ulaya baada ya mashauri ya Shirika la Biashara Duniani katika miaka ya 1990, na watu wengi wakageukia kazi za wageni. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga mipaka, hoteli zilifungwa na watumishi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kutokwenda ni rahisi kwa anayetaka dhamiri yake iwe safi, lakini usafi huo haumpikii mtu chakula.

Basi kipimo ni namna ya kwenda. Hoteli inayouza kila kitu kwa bei moja ndani ya ukuta wake humwondolea mgeni sababu ya kutoka, na kumwondolea muuza soko mnunuzi. Maarusi wakivipunguza visiwa vitano viwe viwili, siku ya tatu itawafikia. Wakiichagua Dominica, watapata siku nzima ya kupanda kwenda kwenye Ziwa Linalochemka na kurudi, safari ambayo mtu wa haraka huiacha. Watapata na wasaa wa kumsikiliza mwenye nyumba akieleza usiku wa tarehe 18 Septemba 2017, kimbunga Maria kilipong'oa mapaa ya kisiwa. Watakula shelisheli lililochomwa juu ya makaa, na kujua kwamba mti huo uliletwa Saint Vincent na Jamaica mwaka 1793 kutoka Tahiti ili uwe chakula rahisi cha watumwa. Wajukuu wa watu wale wamelifanya kuwa chakula cha mapenzi.

Yamkini mtu atasema kwamba maarusi wanastahili kupumzika, si kusomeshwa historia. Ni kweli kwamba furaha si kosa, wala hapana anayewataka walie ufukweni. Lakini furaha isiyotaka kujua imesimama wapi ni furaha yenye hofu. Huogopa kugeuka nyuma isije ikaharibika. Mtu aliyejua na bado akafurahi amefurahi kwa uzito zaidi, kwa sababu furaha yake imeweza kukaa nyumba moja na ukweli.

Tena maarusi wana sababu yao wenyewe ya kuitafuta siku ya tatu. Ndoa nayo huanza kwa ugeni. Siku mbili za kwanza kila mmoja ni mgeni wa mwenziwe: hupambwa, husifiwa, huonyeshwa chumba kilichofagiliwa. Halafu jembe hutolewa, na hapana meli ya asubuhi ya kumchukua mtu kwenda kisiwa kingine. Wazee walioweka siku saba za kukaa ndani walilijua jambo hilo. Wawili wanaojifunza kubaki mahali hata mahali pawafahamu, wameanza kujifunza kazi itakayowangoja watakaporudi nyumbani.