Mama Muuguzi ni wa Nani?

Tunapomzika mama aliyekuwa muuguzi, husema: alijitoa kwa wote. Watoto wake husikiaje neno hilo?

Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, Uganda, wauguzi wa hospitali ya Lacor walijitolea kuhudumia wodi ya waliotengwa. Wafanyakazi 13 wa hospitali hiyo walikufa, akiwemo muuguzi Grace Akullo, na Desemba 5 Dkt. Matthew Lukwiya, baba wa watoto watano. Lakini Paulo (1 Timotheo 5:8) anamkaripia asiyewatunza wa nyumbani mwake. Je, walikosa? Sisi tunasema hapana. Kama ugonjwa ule usingezuiwa wodini, ungefika hadi mlangoni pa watoto wao wenyewe.

Deni linabaki, ila si la marehemu. Sisi wa Mantapala tuliovuka kutoka Kongo tunajua mtoto hashibi sifa za msibani. Wewe uliyeuguzwa na mama yule, umewahi kuuliza nani ananunua daftari za watoto wake? Matanga yalikwisha, shule inaendelea. Wenye kuwajua watoto wa namna hii, leteni majina Jumapili baada ya ibada.